HAKIMILIKI NA UTAWALA WA JUMUIYA ZA MTANDAONI: KAZI ILIYOANDIKWA NA WENGI NI MALI YA NANI?

UTANGULIZI

Miaka kadhaa iliyopita walimu kumi na wawili wa sayansi, mwandishi wa makala haya akiwa mmoja wao, walianza kukusanya istilahi za fizikia kwa Kiswahili na kuzitolea maelezo. Kazi hiyo ilifanyika katika jedwali moja lililowekwa kwenye intaneti, ambamo kila mmoja aliweza kuongeza neno, kusahihisha maelezo ya mwenzake, au kupendekeza mfano ulio bora zaidi. Kwa muda wa miaka mitatu kazi iliendelea kwa moyo wa kusaidiana, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza mali ile ni ya nani.

Kisha mwenzetu mmoja, ambaye kwa haki alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko sote katika kuzichagua na kuzipanga istilahi hizo, alitangaza kwamba ataichapa kazi nzima kuwa kitabu kwa jina lake. Wengine walilalamika kwamba jasho lao limechukuliwa. Yeye alijibu kwamba bila jitihada zake jedwali lile lingebaki kuwa lundo la maneno tu. Ugomvi haukupata mwamuzi, kwa sababu hatukuwahi kumteua mwamuzi. Wala haukupata kanuni ya kuukata, kwa sababu hatukuwahi kuandika kanuni yoyote. Mwishowe kitabu hakikuchapwa, na jedwali halikuendelezwa tena. Waliopata hasara kubwa zaidi ni wanafunzi, ambao hawakuwa na habari ya ugomvi huo.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna swali ambalo wataalamu wa sheria, uchumi na sayansi ya jamii wamelichunguza kwa bidii tangu miaka ya 1990. Watu wengi wanapoandika pamoja katika mtandao, bila mwajiri na bila mshahara, ni nani mwenye kazi hiyo, na ni nani mwenye haki ya kuitawala? Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi majibu yaliyopatikana, na kuonyesha jinsi yanavyotuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya kwanza ya hakimiliki kwa maana tunayoifahamu leo ilipitishwa Uingereza, ikaanza kutumika mwaka 1710. Ilimpa mtunzi wa kitabu kipya haki ya kuchapa kitabu chake kwa muda wa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo bado yu hai. Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalitia saini Mkataba wa Berne, ambao mpaka leo ndio msingi wa hakimiliki duniani. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, na ya Kenya mwaka 2001.

Katika sheria hizi yapo mambo matatu ambayo hapana budi msomaji ayashike, maana mengine yote yanayafuata.

Kwanza, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtunzi halazimiki kuisajili kazi yake wala kuitia alama yoyote ili ilindwe. Mwalimu anapoandika aya moja ya maelezo yaliyo yake mwenyewe, tayari anayo hakimiliki katika aya hiyo, hata kama hajui.

Pili, sheria hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi jambo lenyewe. Kanuni ya Newton haina mwenyewe, na neno "kani" halina mwenyewe. Lakini maelezo aliyoyaandika mtu kuhusu kani yanaye mwenyewe.

Tatu, Mkataba wa Berne humlinda pia mtu aliyekusanya kazi za wengine, iwapo ametumia akili yake katika kuzichagua na kuzipanga. Lakini ulinzi huo hauondoi haki za wale walioandika sehemu mbalimbali za mkusanyo.

Tukilipima jedwali letu kwa mizani hiyo, tutaona kwamba kila upande ulikuwa na haki na kila upande ulikosa. Maneno yenyewe hayakuwa mali ya mtu. Maelezo yalikuwa mali ya wale walioyaandika, na mengi yalikuwa yameandikwa na mikono mitatu au minne. Mpangilio huenda ulikuwa mali ya yule aliyeupanga. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuichapa kazi nzima bila ruhusa ya wenziwe. Sheria haikutuibia chochote; ilitugawia sote haki, kila mmoja kipande chake, na vipande hivyo vilipokosa kuunganishwa vikawa kama kufuli kumi na mbili juu ya mlango mmoja.

MALISHO YA KIJIJI NA MALISHO YA ELIMU

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala mashuhuri kuhusu malisho yasiyo na mwenyewe. Alisema kwamba kila mfugaji hupata faida yote ya ng'ombe anayemwongeza, lakini hasara ya nyasi kuliwa hugawanywa kwa wote; kwa hiyo kila mmoja huongeza ng'ombe mpaka malisho yakaharibika. Wengi waliosoma makala hayo waliamini kwamba dawa ni mbili tu: ama malisho yagawiwe watu binafsi, ama yatawaliwe na serikali.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa wa Marekani, hakuridhika na hoja hiyo. Alichunguza vijiji ambavyo vilikuwa vimetunza mali ya pamoja kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Törbel, nchini Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Kanuni ilikuwa rahisi, kila mtu aliweza kuona nani ameivunja, na iliwekwa na wanakijiji wenyewe. Msomaji anayeifahamu Shinyanga hatashangaa, kwa kuwa Wasukuma nao wana desturi ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili nyasi zisitawi na mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, Ostrom alionyesha kwamba Hardin alisahau jambo moja: wafugaji wanaweza kuzungumza. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Je, elimu nayo ni malisho? Mwaka 2007 Ostrom na mwenzake Charlotte Hess walihariri kitabu kilichojaribu kulijibu swali hilo. Tofauti moja ni dhahiri. Nyasi zikiliwa huisha, lakini maelezo ya fizikia hayapungui kwa kusomwa; pengine hata huongezeka thamani. Kwa hiyo hatari inayoikabili mali ya pamoja ya elimu si kuliwa ikaisha. Hatari zake ni tatu: kuzungushiwa ua na mtu mmoja, kuchafuliwa na wasiojali, na kuachwa na walioitunza.

Hatari ya kuzungushiwa ua si ya kubuni. Katika miaka ya 1990 wapenzi wa muziki wa nchi mbalimbali walijitolea kuandika majina ya nyimbo na wanamuziki wa sahani za CD, wakayatuma kwenye hazina moja ya pamoja iliyoitwa CDDB. Hazina hiyo iliuzwa kwa kampuni, na matumizi yake yakawekewa masharti ya kibiashara. Waliokuwa wameijaza hawakuwa na la kufanya. Baadhi yao ilibidi waanzishe hazina nyingine, iliyoitwa freedb, safari hii chini ya leseni iliyozuia kufungiwa.

LESENI IKIWA KATIBA

Dawa ya hatari hiyo ilipatikana mahali pasipotazamiwa, yaani ndani ya hakimiliki yenyewe. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alianzisha mradi ulioitwa GNU wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Aliona kwamba kuzitoa bure tu hakutoshi, kwa sababu mtu angeweza kuzichukua, akazibadili kidogo, na kuzifunga zisitumiwe na wengine. Kwa hiyo mwaka 1989 alitoa leseni ambayo, kwa maneno ya kawaida, inasema hivi: mimi ndimi mwenye hakimiliki, nakuruhusu kuitumia na kuibadili kazi hii upendavyo, kwa sharti kwamba ukiigawa, uwape wengine uhuru ule ule niliokupa mimi.

Ujanja wa leseni hiyo haufuti hakimiliki, bali unaitegemea. Kama hakimiliki isingekuwapo, sharti hilo lisingekuwa na nguvu. Ni kama mtu aliyepewa jiwe la kujengea ukuta, akalitumia kuuweka mlango usifungike.

Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari mwaka 2001, ilifuata njia hiyo hiyo. Kila anayechangia hubaki na hakimiliki yake, lakini huwapa watu wote ruhusa chini ya leseni moja. Wataalamu waliichunguza leseni hiyo wakagundua kwamba haihusu matumizi tu. Inahusu pia madaraka. Ushahidi ulionekana mapema. Mwezi Februari 2002 wachangiaji wengi wa Wikipedia ya Kihispania walichukizwa na habari kwamba huenda matangazo ya biashara yangewekwa. Walichukua makala yote waliyokuwa wameyaandika, wakaondoka, wakaanzisha kamusi elezo yao iliyohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Sevilla. Hapana aliyeweza kuwazuia, maana leseni iliwaruhusu. Wikipedia haikuwahi kuuza nafasi za matangazo. Kiongozi ambaye raia wake wanaweza kuondoka pamoja na nyumba na mashamba yao hana budi kuwasikiliza.

Leseni ikiwa katiba, basi nayo huhitaji marekebisho, na hapo ndipo hakimiliki iliyogawanyika huleta taabu. Leseni ya kwanza ya Wikipedia ilikuwa imeandikwa hasa kwa ajili ya vitabu vya maelezo ya programu za kompyuta. Ilidai kwamba kila nakala iambatane na maneno yote ya leseni. Hivyo mwalimu aliyetaka kuwapa wanafunzi ukurasa mmoja alitakiwa kuambatanisha kurasa kadhaa za sheria. Shirika la Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001, lilikuwa na leseni iliyo nyepesi zaidi. Lakini ni nani angewatafuta wachangiaji wote, wengine wakiwa wametumia majina ya kubuni na wengine wamekwisha kufa, ili watoe ruhusa ya kubadili leseni?

Ufumbuzi ulikuwa umefichika katika sentensi moja. Leseni ya zamani ilisema kwamba kazi inaweza kutumiwa kwa mujibu wa leseni hiyo "au toleo lake lolote la baadaye". Mwezi Novemba 2008 taasisi iliyoitunga ilitoa toleo jipya lililoruhusu kazi za namna ya Wikipedia kuhamia kwenye leseni ya Creative Commons kabla ya mwezi Agosti 2009. Hata hivyo, viongozi wa Wikipedia hawakutumia ruhusa hiyo kimya kimya. Waliitisha kura mwezi Aprili 2009. Zilipigwa kura zaidi ya 17,000, na kiasi cha robo tatu zilikubali. Badiliko likafanywa mwezi Juni. Kisheria kura hiyo haikuwa ya lazima. Kwa utawala ilikuwa ya lazima, maana watu wanaofanya kazi bila malipo hawana sababu nyingine ya kubaki ila imani.

KANUNI, WALINZI NA ADHABU

Leseni huzuia kuzungushiwa ua. Dhidi ya uchafuzi, jumuiya huhitaji walinzi. Uchafuzi mkubwa kisheria ni mtu kunakili kitabu cha mwingine na kukibandika kana kwamba ni chake. Kazi iliyonakiliwa hivyo haiwezi kuwa huru kwa wote, kwa kuwa aliyeibandika hakuwa na haki ya kuitoa.

Ostrom alitaja kanuni nane za jumuiya zinazodumu. Miongoni mwake ni hizi: mipaka iwe wazi, kanuni zilingane na mazingira ya mahali, wanaofuata kanuni washiriki kuzitunga, walinzi watoke miongoni mwao au wawajibike kwao, adhabu zianze ndogo na kukua kwa ngazi, na pawe na njia rahisi ya kuamua ugomvi. Watafiti walioichunguza Wikipedia walizikuta karibu zote. Anayenakili kwa mara ya kwanza hupewa onyo na maelezo. Akirudia, huzuiwa kuandika kwa muda, na mwisho huweza kuondolewa kabisa. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, hivyo ulinzi ni wa gharama ndogo.

Hata kanuni ya kulingana na mazingira imezingatiwa. Sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya haki ya sehemu za kazi zenye ulinzi, ilhali sheria za nchi nyingine ni kali zaidi. Mwezi Machi 2007 baraza la wakfu unaoiendesha Wikipedia liliamua kwamba kila lugha inaweza kujiwekea kanuni za vighairi katika mipaka iliyowekwa. Kwa hiyo Wikipedia ya Kiingereza hupokea baadhi ya picha zenye hakimiliki kwa masharti, na ya Kijerumani hukataa.

Nyuma ya walinzi hawa inasimama dola. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 humwondolea mwenye mtambo dhima ya fidia kwa makosa ya wanaoutumia, iwapo huiondoa haraka kazi inayolalamikiwa na huwafukuza wanaorudia kosa. Naye aliyeondolewa kazi yake anayo nafasi ya kupinga. Kenya iliingiza utaratibu unaofanana na huo katika sheria yake mwaka 2019. Jumuiya yenye walinzi hodari hupokea malalamiko machache. Isiyo na walinzi hutawaliwa na barua za mawakili.

DOSARI ZILIZOGUNDULIWA

Isidhaniwe kwamba mambo yote ni mazuri. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wikipedia ya Kiingereza, ambayo wachangiaji wake hai walikuwa wakipungua tangu mwaka 2007. Walionyesha kwamba sababu kubwa ni kanuni nyingi na vyombo vya kompyuta vya kukataa makosa, ambavyo viliwafukuza wageni wenye nia njema pamoja na waharibifu. Mwaka 2014 Aaron Shaw na Benjamin Mako Hill walichunguza jumuiya 683 za namna hiyo, wakaona kwamba kadiri zinavyokua ndivyo kundi dogo la waliotangulia linavyoshika madaraka. Jambo hili lilitabiriwa na Robert Michels kuhusu vyama vya siasa tangu mwaka 1911. Uhuru wa kuandika, basi, hauleti usawa wa madaraka wenyewe kwa wenyewe, hutakiwa kutunzwa.

MAMBO YANAYOTUHUSU

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Walinzi wake ni wachache kuliko wa lugha kubwa, na hatari yake kubwa ni ile ya tatu, yaani kuachwa. Mahali penye mikono michache, kila aliyefukuzwa kwa ukali ni hasara, na kila ukurasa ulionakiliwa bila ruhusa ni kazi ya siku nzima ya kuusafisha.

Kuna pia hazina ambayo hatuitumii. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, muda wa ulinzi wa kazi alizozichapisha katika uhai wake ulimalizika mwishoni mwa mwaka 2012. Hata hivyo, dibaji, tafsiri na maelezo yaliyoongezwa na wengine katika matoleo ya baadaye yana ulinzi wao wenyewe, na urefu wa muda hutofautiana baina ya nchi na nchi.

Kwa kundi lolote la walimu, waganga, wakulima au wanafunzi linalotaka kuandika pamoja, utafiti huu wote unaweza kufupishwa katika maswali manne, ambayo yajibiwe kwa maandishi kabla ya neno la kwanza kuandikwa:

1. Kila mchangiaji anawapa wengine ruhusa gani, na je, watakaoipokea kazi wanalazimika kuwapa wengine ruhusa ile ile?

2. Majina ya wachangiaji yatatajwa wapi na kwa utaratibu gani?

3. Ni nani atakayeamua ugomvi, na atachaguliwa vipi?

4. Kanuni hizi zitabadilishwaje, na anayetaka kuondoka ataondoka na nini?

HITIMISHO

Tumeona kwamba hakimiliki na utawala si mambo mawili yaliyo mbalimbali. Sheria humgawia kila mwandishi haki yake. Leseni huziunganisha haki hizo. Na kanuni za jumuiya hulinda kilichounganishwa. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi.

Walimu wale kumi na wawili walikuwa na elimu ya kutosha kueleza mwendo wa sayari. Walichokosa ni ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali manne. Jedwali lao lingalipo, na maelezo yaliyomo bado ni sahihi, lakini hapana mwenye haki ya kulifungua peke yake. Hivi sasa wanane kati yetu wameandika ruhusa zao kwa hiari, chini ya leseni moja iliyo wazi, na maelezo yao yamekwisha kutengwa na kuanza kusahihishwa. Wanne waliobaki tunaendelea kuzungumza nao. Wafugaji, kama alivyotufundisha Ostrom, wanaweza kuzungumza.